Kununua baiskeli ya resi mpya: mtandaoni au duka la hapa Arusha? Nimefanya yote mawili, njooni tupige hesabu

Chalii wa Sakina

Wakuu habari za Jumapili. Tangu mashindano ya dunia ya Kigali Septemba 2025 naona Chuga imeamka, kila Jumamosi asubuhi ukipita bypass unakuta sura mpya juu ya baiskeli, na kila wiki lazima nipate meseji mbili tatu za swali lilelile, kaka nataka baiskeli ya resi mpya, niagize mtandaoni au ninunue dukani. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika hapa mara moja, uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka ashuke kwenye hesabu.

Yangu niliagiza nje, ya mama watoto tukanunua duka la hapahapa mjini. Jina la muuzaji na jina la duka sitaji, msinifuate inbox kwa hilo.

Nianze na yangu. Ilikuwa usiku, nipo kitandani, bando limejaa, ndo muda mbaya kuliko wote wa kununua kitu. Nikaiona: fremu ya alumini, foku (uma wa tairi la mbele) ya kaboni, gia za Shimano Sora yaani tisa nyuma, nyeusi ya kuua mtu. Milioni moja laki moja na themanini. Mjini nilishaona ya kufanana nayo kabisa wanasema milioni moja laki nane na nusu. Nikacheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza vipi. Moyoni nikasema kumbe huyu mwenye duka ametupiga miaka yote na bado tunamwamkia.

Saizi nikaangalia jedwali lao, mtu wa sentimita 177 wameandika fremu ya sentimita 56, nikabonyeza 56. Dakika mbili. Shati la Krismasi nalijaribu nusu saa mbele ya kioo, baiskeli ya milioni nikaichagua kwa dakika mbili.

Sasa kago. Hapa ndo wengi hawajui. Baiskeli yenyewe ina kilo kumi na kidogo, na boksi tuseme 13, mimi kwenye akili yangu nitalipia kilo 13 za ndege fasta nimemaliza. Wakala akanipigia, mkuu mzigo wako ni kilo 41. Nikamwambia umechanganya mzigo na wa mtu mwingine. Kumbe kwa ndege wanaangalia ukubwa wa boksi, urefu mara upana mara kimo kwa sentimita halafu unagawa kwa 6000. Boksi langu lilikuwa 140 kwa 80 kwa 22, piga mwenyewe, 246,400, gawa, 41. Na kuna wanaogawa kwa 5000, hapo inakuwa 49. Unalipia hewa iliyomo katikati ya fremu. Nikahamia meli, kule ni CBM, yaani mita za ujazo, boksi hilohilo ni kama robo ya CBM, laki mbili na arobaini pamoja na utoaji bandarini kwa bei ya wakala. Nikasubiri wiki tisa. Wiki ya sita nilikuwa naota baiskeli.

Kutoka Dar ikapanda basi, elfu thelathini na tano, nikaenda kuipokea usiku nikaikuta kwenye buti imelaliwa na magunia ya nazi. Boksi limebonyea upande mmoja. Konda ananiambia "mzigo wako upo salama kaka", amesimama juu yake.

Nikafungulia sebuleni watoto wanashangilia. Nikafunga usukani, nikafunga tairi ya mbele, pedeli, nikaigeuza miguu juu nikazungusha, nikiweka gia kubwa ya nyuma ule mkono wa kubadili gia unagonga spoku. Tak tak tak. Kuangalia vizuri, kile kipande kidogo cha alumini kinachoshika huo mkono kwenye fremu, wanakiita hanga, kimepinda kwa ndani, kidogo tu, kama upana wa kiberiti. Kimetengenezwa laini makusudi ili kipinde chenyewe fremu ibaki salama, sawa, ila fremu nyingi kila moja ina hanga yake, hata zinazofanana kwa macho mara nyingi matundu hayaingiliani. Nilizunguka Kilombero yote na picha kwenye simu. Fundi mmoja akakishika na bisibisi akakinyoosha taratibu, anarudisha huku anachungulia kwa jicho moja, kikanyooka, siku ya tatu napanda Sanawari kikakatika. Kwaheri. Nikaagiza zingine tatu, maana moja ingekuwa ujinga, wiki nne zingine baiskeli imening'inia ukutani kama picha ya harusi.

Ya mama watoto sasa. Tulifika dukani yeye hajawahi hata kukalia baiskeli ya usukani ule wa kujikunja. Jamaa hakumuuliza hela, alimuuliza utaendesha wapi. Akamkalisha, akashika fremu, akamwambia zungusha kinyumenyume, akaangalia goti, akashusha siti, akaangalia tena. Akasema dada hii 52 inakuvuta mikono, akatoa shingo ya usukani akaweka fupi hapohapo bila kuongeza shilingi. Wiki ya pili gia zikaanza kurukaruka, maana waya mpya huwa zinalegea, tukarudi akakaza dakika tano, bure, na chai tukapewa. Risiti ya EFD tunayo.

Hesabu yangu hii hapa nimeitoa kwenye daftari. Baiskeli 1,180,000. Meli 240,000. Basi 35,000. Hanga tatu na usafiri 68,000. Fundi mara mbili 30,000. Pampu yenye mdomo wa valvu nyembamba 55,000. Tairi, maana ilikuja na nyembamba za milimita 23 na miiba ya Kisongo ikanifundisha adabu, nikaweka 28 mbili 140,000. Shingo fupi ya usukani, maana 56 ilikuwa inanilaza kama mtu anaogelea, 45,000. Jumla 1,793,000.

Ile ya kufanana nayo dukani ilikuwa 1,850,000. Niliokoa elfu hamsini na saba. Kwa miezi mitatu na nusu ya stresi.

Msije mkasema nalipigia duka debe. Duka nalo lina mambo yake, siku ile walikuwa na baiskeli za resi nne tu, na ungekuwa na urefu wa kama mita moja na tisini wangekwambia hiyohiyo 54 itakutosha mkuu utazoea. Hutazoea. Na kuna maduka mjini yanauza vyuma vina usukani wa kujikunja na gia 21, leva zipo juu karibu na shingo, kilo 15, wanaziita za resi. Ukibeba moja mpaka ghorofa ya pili utajua ni ya nini.

Ila kama ni ya kwanza kwako, nunua ile uliyoikalia. Ndo msimamo wangu, njooni mnipige mawe.


Meku wa Majengo

Mawe nakuja nayo kutoka Moshi haha. Kaka nakuheshimu ila hesabu yako umeipika. Tairi 28 ungenunua hata kwa ya dukani maana miiba haijui baiskeli ilinunuliwa wapi. Pampu pia ungenunua. Toa hizo mbili, laki na tisini na tano, hapo umeokoa laki mbili na nusu. Na shingo ya usukani ni kosa lako la saizi, usimtwishe mtandao.

Mimi nimeagiza mara tatu, mbili zangu moja ya mdogo wangu, zote zimefika vizuri. Siri ni kwamba mimi siangalii 54 wala 56, hizo namba kila kiwanda kina zake. Naangalia fremu inanyanyuka kiasi gani na inaenda mbele kiasi gani kuanzia pale inapokaa krenki, ile mikono ya pedeli, wenyewe wanaita staki na richi, yangu najua kwa kichwa, nikiona richi imezidi 385 siigusi hata iwe bure. Ukishazijua namba zako mtandaoni ni kama kununua sukari.

Halafu hao wa dukani mnaowasifia, mimi kuna mmoja nilienda kutafuta cheni ya gia 11, akanitajia bei mara tatu ya mtandaoni, nikamuuliza mbona hivyo mzee, akanijibu kama una haraka nunua kama huna agiza. Nikaagiza. Sijarudi tena.


Chalii wa Sakina

Meku hapo kwenye pampu na tairi umenikamata, nakubali. Ila ya mama watoto ilikuja na 28 tayari, jamaa mwenyewe anasema huku kwetu 23 ni ya kuangalia kwenye TV. Na adapta ya valvu, ya kujazia kwa pampu ya kawaida, akampa bure mfukoni.

La richi nakuunga mkono, ila wewe uliijuaje yako kabla hujakalia baiskeli hata moja?


Meku wa Majengo

Nilikuwa na mtumba ya zamani nimenunua pale Memorial, nikaipima na futi ya fundi cherehani.


Chalii wa Sakina

Sawasawa. Ulikalia kwanza.


Meku wa Majengo

Daah.


Dogo Pasua

Shikamooni wakubwa. Mimi nipo Moshi Pasua, nimesoma uzi wote wakati nimeshaweka baiskeli kwenye kapu nataka kulipa leo usiku. Laki tisa na nusu, saizi 54, kaboni fremu yote wanasema. Mimi nina urefu wa sentimita 168. Nilipe nisilipe?


Mama Njiro

Mdogo wangu weka simu chini kwanza.

Kaboni fremu yote, mpya, kwa laki tisa na nusu, na wewe hujajiuliza? Kaboni ikiwa mbovu haipindi kama alumini ukaona, inapasuka, na inaweza kupasuka ndani huku rangi ya juu inang'aa. Kuna wanaoiga hadi stika za kampuni kubwa. Na ukishaifunga nyumbani kwa nguvu za kukata kuni umeiua mwenyewe, boliti za shingo ya usukani nyingi wameandika 5 Nm, kipimo cha nguvu ya kukaza, hiyo ni nguvu ya vidole viwili vitatu kwenye spana ya L fupi, sio ya bega. Mimi nilinunua spana ya kupimia baada ya kupasua bomba la siti la laki mbili. Lililia ka! nikajua.

Na kwa sisi wafupi, mimi nina 160, mtandaoni saizi ndogo zinaisha mapema halafu muuzaji anakwambia chukua inayofuata. Usichukue inayofuata. Mwaka mzima niliendesha 52 nikiwa nadhani maumivu ya shingo ni ya kazi ya ofisini.


Fundi Spoku

Habari zenu vijana. Mimi ni fundi miaka 22 sasa, nilianzia Phoenix za babu zenu, sasa hivi nusu ya kazi ni hizi za usukani wa kujikunja. Nitaandika mengi mnisamehe maandishi.

Dogo wa Pasua usilipe. Vua viatu simama ukutani, chukua kitabu kigumu kiweke katikati ya miguu kipandishe mpaka kinagusa mfupa kama vile umekalia siti, mtu apime kutoka sakafuni mpaka juu ya kitabu. Hiyo namba zidisha kwa 0.67 utapata fremu ya kuanzia kuitafuta. Sio msahafu ila itakutoa kwenye kosa kubwa.

La pili. Mnanunua gia nyingi za nini. Kwa Shimano, Claris ni nane nyuma, Sora tisa, Tiagra kumi, 105 ni kumi na moja na za sasa kumi na mbili. Kila zinavyoongezeka cheni inakuwa nyembamba. Cheni ya gia nane ni ileile ya gia sita na saba, mitumba ya milima yote inatumia, utaipata Arusha, Moshi mpaka Himo. Ya kumi na mbili ikikatika Jumamosi unakula likizo. Baiskeli ya gia nane yenye meno 34 mbele na 32 nyuma inapanda Marangu na mtu wa kawaida anafika akiwa anaongea.

La tatu tairi, hili nalisema kila siku. Mtu anapata pancha kubwa anaenda duka la spea anasema nipe tairi ya 28, anapewa ya Phoenix, anakuja kwangu tuifunge. Haishiki, inazunguka kama bangili ya mama kwa mtoto. Phoenix ni inchi 28 kwa moja na nusu, ubavuni soma 635, hicho ni kipenyo kwa milimita. Ya resi ni 622. Milimita 13 tofauti ya kipenyo. Ya kushangaza ni kwamba hizi za milima kubwa za 29 nazo ni 622, kwa hiyo tyubu nyembamba ya 29 inaweza kukusogeza nyumbani siku ya shida japo kwa resi ni nene kidogo. Someni ubavu wa tairi msisome bango la duka.

La nne valvu. Zile nyembamba za Presta tundu lake kwenye rimu ni milimita 6 na nusu. Ya kawaida ya kama gari ni 8 na nusu. Kuna mafundi wenzangu wanachukua drili wanapanua tundu ili waweke tyubu ya kawaida. Usikubali kwenye rimu nyembamba, tundu linakula karibu upana wote. Adapta ya shaba ni kitu kidogo kama kifuniko, weka mbili, moja kwenye begi moja iache imefungwa kwenye valvu yenyewe.


Dogo Pasua

Shikamoo fundi. Nimepima mara tatu na dada yangu ameshika kitabu cha Biolojia, ni 78. Mara 0.67 ni 52.26. Kwa hiyo 54 sio yangu kabisa?


Fundi Spoku

Marahaba mwanangu. 52, labda na 51 kwa kampuni nyingine. 54 utaipanda, ila utakuwa unaifukuzia.


Mjeuri 77

Nyie wote mnazunguka mbuyu. Nendeni Nairobi, maduka ya baiskeli yapo ya maana, wazungu wengi, unakalia, unajaribu, unapita nayo Namanga ukiwa unaiendesha kama yako ya siku zote. Mchezo kwisha.


Mama Njiro

Kaka hapo Namanga watu wa TRA nao wana macho. Baiskeli bado ina vile vinyweleo vya mpira kwenye tairi, unawaambia ni ya siku zote?

Niseme kistaarabu maana hii ndo kazi yangu ya kila siku, makaratasi ya forodha. Kununua Nairobi hakuifanyi baiskeli iwe ya Kenya. Kilichotengenezwa Kenya kikiwa na cheti cha asili ndo kina msamaha wa ushuru ndani ya Jumuiya, ila baiskeli nyingi zimetoka China au Taiwan. Utalipia. Na hesabu ya kodi haianzii kwenye bei ya baiskeli tu, wanachukua CIF, yaani bei na bima na usafiri, ushuru unapigwa hapo, halafu VAT asilimia 18 inapigwa juu ya hiyo CIF ikiwa pamoja na ushuru. Watu wanapiga 18 kwenye bei ya mtandaoni wanashangaa kwenye bili. Na yule muuzaji anayekwambia nitakuandikia kwenye invoisi dola hamsini, forodha hawalazimiki kuiamini, wanaweza kuithaminisha wenyewe na mzigo unakaa unakula stoo.

Ndo maana bei ya dukani inaonekana kubwa. Humo ndani mwenye duka ameshalipa hayo yote. Wewe mtandaoni unaona bei ya uchi.


Mjeuri 77

Bei ya uchi hahaha sawa mama nimekuelewa. Bado Nairobi wana mzigo mkubwa kuliko sisi hilo hamtanibishia.


Mama Njiro

Hilo sikubishii.


Kijana wa Tengeru

Mimi nichangie mkasa mfupi. Niliagiza, ikafika, boksi zima safi, hanga imenyooka, nikajiona mjanja kuliko Chalii wa Sakina. Nikafunga pedeli ya kulia, ikaingia. Ya kushoto ikagoma. Nikatafuta bomba nikaunga kwenye spana kupata nguvu. Ikaingia. Baada ya kilomita nne pale Usa River pedeli ikadondoka na meno yote ya tundu la krenki yametoka kama unga. Kumbe ya kushoto inakazwa kwa kuzungusha kinyume. Imeandikwa L kabisa kwenye ncha, mimi nilidhani ni lebo ya saizi.


Meku wa Majengo

L ya saizi nimekufa 😂😂


Fundi Spoku

Usicheke, kwa mwezi napata wawili. Kuanzia Phoenix mpaka hizi za milioni kumi ni hivyohivyo, kushoto kinyume, ili mguu ukizunguka pedeli isijifungue yenyewe. Kwa mliokwisha agiza, nileteeni boksi kabla hamjafungua. Kufunga baiskeli kutoka kwenye boksi, kunyoosha rimu, kupanga gia na breki nachukua masaa mawili na haifiki hata nusu ya bei ya krenki mpya. Watu wananiletea baada. Baada ni ghali.

Na sio kwamba nachukia mtandao, spea zangu nyingi naagiza hukohuko. Ila juzi mtu kaniletea mpya toka kwenye boksi, nimeizungusha rimu nimeweka ukucha wa kidole gumba kwenye breki, ukucha ukawa unasikia gusa, acha, gusa, acha. Spoku kumi na mbili zimelegea. Kiwandani wanazivuta na mashine, mashine hairudi kuangalia. Ukiipanda hivyo wiki mbili zinaanza kukatika moja moja, na mwenyewe atasema Wachina.


Chalii wa Sakina

Mzee asante sana, hii ungeiandika kabla sijanunua mimi.

Dogo wa Pasua vipi, ulilipa?


Dogo Pasua

Sikulipa. Jumamosi iliyopita nilipanda Coaster nikaja Arusha kwenye maduka. La kwanza hawana ndogo, yule kaka akanisukumia 54 palepale kama mlivyosema, akaniambia utazoea, nikacheka akaniuliza unacheka nini. La pili mzee mmoja mpole akanikalisha kwenye 54 makusudi nione, halafu 50 nione, kwenye 50 magoti yanapiga karibu na mikono. Akasema yako ipo katikati sina, acha kiasi nikuletee toka Dar. Gia nane, alumini, milioni moja laki tatu na nusu. Nimeacha laki tatu. Karisiti nimepewa.


Meku wa Majengo

Laki nne zaidi ya ile ya mtandaoni. Nasema tu.


Dogo Pasua

Ile ya mtandaoni kaka ilikuwa haijafika hata baharini kwenye hesabu. Nilimuuliza wakala, na meli na basi inafika milioni moja laki mbili na kitu, na saizi sio yangu.


Meku wa Majengo

Haya dogo umeshinda. Ila ukiwa mkubwa pima richi yako uandike mahali, ya pili utaagiza.


Chalii wa Sakina

Hilo nakazia. Ya pili hata mimi nitaagiza. Ikifika tuambie, usiipakie kwenye gari, iendeshe mpaka kwenu, kilomita themanini tu na mteremko ni wako, Moshi ipo chini ya Arusha kwa mita kama mia tano.


Mama Njiro

Msimdanganye mtoto wa watu, hiyo barabara ina mabasi. Toka alfajiri, vaa rangi kali, na ukisikia honi mbili nyuma yako shuka pembeni usibishane.


Dogo Pasua

Wakuu naleta mrejesho, ilichukua siku kumi na mbili ila imefika, jana nimeipokea.

Nilitaka kutoka alfajiri kama dada alivyosema ila mzee wa duka hakufungua mpaka saa tatu, halafu akanizungusha kwenye ile barabara ya nyuma ya duka nusu saa, anapandisha siti, anashusha, anapandisha. Nimetoka saa tano na nusu. Maji ya Chai upepo wa mbele, Kikatiti jua, njia panda ya KIA nilisimama nikala mahindi mawili. Baiskeli inakimbia aisee, sijawahi kuendesha kitu kinachoitika hivyo, ukikanyaga kidogo tu kimeshaenda.

Bomang'ombe paa, pancha ya nyuma. Mwiba mdogo kama sindano. Tyubu ya akiba alinipa mzee nikaifunga vibaya nikaibana na tairi ikapasuka nayo. Fundi wa pale ana kilaka na solusheni, akaziba ile ya kwanza vizuri tu, ila pampu yake haishiki valvu nyembamba. Adapta mzee alinipa. Ipo kwenye suruali niliyovua dukani, nimeiacha dukani.


Chalii wa Sakina

Mungu wangu. Ukafanyaje


Dogo Pasua

Nikampigia. Kwanza alicheka mpaka akakohoa. Halafu akaniuliza upo upande gani wa barabara, kaa hapohapo. Lisaa na robo baadaye Coaster ya Moshi inapunguza mwendo, konda ametoa kichwa dirishani anaita "wewe ndo wa baiskeli?", akanitupia mfuko. Tyubu mbili, adapta, na suruali yangu.


Fundi Spoku

Ulimlipa konda?


Dogo Pasua

Buku mbili. Tyubu mzee amesema nitalipa nikija kukaza waya wiki ya pili.


Meku wa Majengo

Mimi nimenyamaza. Nyumbani ulifika saa ngapi?


Dogo Pasua

Saa moja na nusu usiku, mama ameshafunga geti. Nimepita kwa jirani, baiskeli tumeirusha juu ya ukuta.